Sokoni chenji haikosei, darasani kapata 22: jibu kwa mama wa Mwaloni

Mwangaluka mama, pole na majukumu. Umeniuliza maswali mawili ila mimi nayaona ni moja. Umesema kijana wako yuko darasa la tano, Jumamosi anakusaidia kuuza dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, hesabu anapiga kichwani na chenji hajawahi kukosea, alafu mtihani wa hisabati kapata 22 kwa 100 na mwalimu kakuambia mtoto ana kichwa kizito. Na wewe mwenyewe uliishia la saba, sasa una miaka 39, umejiandikisha QT, ule mtihani wa maarifa unaomfungulia mtu mzima njia ya kufanya kidato cha nne, unasoma usiku mpaka saa sita na asubuhi huoni kitu kichwani, ndo ukauliza kama ubongo umeshazeeka na bora hiyo ada ungemlipia yeye tuisheni.

Jibu langu kwanza, maelezo baadae. Mtoto anayefanya hayo uliyoeleza hana kichwa kizito, na wewe hujazeeka, ada usiiguse. Shida yenu wote wawili ni jinsi kitu kinavyoingia kichwani na kinavyotoka, na hilo linarekebishika hapo hapo nyumbani.

Nianze na kijana. Hiki unachokiona Kirumba kilishaonekana Brazil, mji wa Recife, na matokeo yake yalitoka 1985. Watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walienda mitaani wakanunua vitu kwa watoto wachuuzi kama wateja wa kawaida tu. Watoto 5, umri miaka 9 mpaka 15, wanauza nazi na vitu vingine vidogo vidogo. Wananunua huku wanauliza, nazi kumi ni bei gani, nikikupa noti hii unanirudishia ngapi. Alafu baada ya siku chache wakawapa watoto wale wale hesabu zile zile kwenye karatasi. Barabarani walipata asilimia 98. Kwenye karatasi, maswali ya maelezo walipata kama 74, na namba tupu bila maelezo wakaanguka mpaka 37. Mtoto ni yule yule, kichwa ni kile kile, na namba ni zile zile.

Kuna mtoto mmoja pale wa miaka 12 aliulizwa nazi nne za 35 ni ngapi, akajibu bila shida, tatu ni 105, ongeza 35 ni 140. Kwenye karatasi akapewa 35 mara 4, akasema nne mara tano ishirini, andika sifuri shika mbili, mbili na tatu ni tano, tano mara nne ishirini, jibu 200. Angalia hapo, hakubahatisha. Alifuata hatua za shule ila akazipanga vibaya, akajumlisha alichoshika kabla ya kuzidisha badala ya baada. Na hakushtuka kabisa kwamba nazi nne zimepanda bei kwa sababu kwake yeye hazikuwa tena nazi.

Mimi mwenyewe nimeliona hili kwa kijana wa jirani pale Nyakato, yuko la tano kama wako, mama yake ana genge. Nikamuuliza, makopo saba ya dagaa kwa 1,200, mteja katoa elfu kumi, chenji ngapi. Akaangalia juu kidogo, akasema matano elfu sita, mawili elfu mbili mia nne, elfu nane mia nne, chenji elfu moja mia sita. Hata sekunde ishirini hazikufika. Nikampa daftari na biki, nikamwandikia 10,000 kutoa 8,400, moja juu ya nyingine kama wanavyofanya shule. Akaanza upande wa kulia, sifuri toa sifuri, sifuri. Tena sifuri. Kufika kwenye mia, sifuri toa nne, akasita, akaandika 4. Sifuri toa nane, akaandika 8. Ile moja ya mwisho akaishusha chini. Jibu 18,400. Akanirudishia daftari kwa amani kabisa.

Nikamwambia soma jibu kwa sauti. Kumi na nane elfu mia nne. Haya, mteja kakupa elfu kumi, wewe unamrudishia elfu kumi na nane? Mama, ule uso wake sitausahau. Alishika kichwa, akafuta, akasema "kumbe ni pesa!"

Hilo neno lake ndo jibu la swali lako. Kumbe ni pesa. Kwenye karatasi alikuwa haoni pesa, anaona tarakimu zimepangwa safu, na kila safu anaitatua kivyake, ndogo inatolewa kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu. Kosa hili lina historia, 1978 Wamarekani wawili, John Seely Brown na Richard Burton, waliandika jinsi watoto wanavyokosea kutoa, wakaonyesha kwamba makosa mengi yana utaratibu, mtoto ana sheria yake kichwani aliyojitungia na anaifuata kwa uaminifu kila mara. Ukiijua ile sheria unaweza kutabiri jibu lake la makosa kabla hajaandika. Hata Jean Piaget, yule Mswisi ambaye walimu wote wanamsoma chuoni, alianzia hapo hapo, kwenye 1920 hivi alikuwa Paris kwenye kazi ya kupima watoto akili, akaacha kujali nani kapata nani kakosa, akavutiwa na yale majibu ya makosa kwa sababu watoto wa umri mmoja walikuwa wanakosea kwa namna moja.

Kwahiyo 22 kwa 100 haikuambii mtoto ana akili kiasi gani. Inakuambia kwenye zile maksi 78 alizokosa kuna sheria fulani mbovu, inawezekana mbili tatu tu, zinazojirudia. Hii ndo sababu kuniambia maksi peke yake hakunisaidii kitu.

Sasa kwanini karatasi inamchanganya? Kuna vitu vitatu naviona. Cha kwanza ni mwelekeo. Mdomo wetu unaanza na kubwa, elfu nane, mia nne, na kichwani anahesabu hivo hivo kutoka kwenye kubwa kwenda ndogo. Shule inamwambia anzia kulia, kwenye ndogo kabisa, na ile nane isiitwe tena elfu nane iitwe nane tu. Jina limepotea, ukubwa umepotea. Kwa mtu mzima aliyezoea ni kitu kidogo, kwa mtoto ni kama umemwambia aende Kirumba kwa kupitia Igoma akiwa kafumba macho.

Cha pili ni nafasi. Akili ya binadamu ina meza na ina stoo. Stoo ni kubwa sana, meza ni ndogo. George Miller mwaka 1956 aliandika kwamba mtu anashika vitu kama saba hivi kwa wakati mmoja, baadae Nelson Cowan mwaka 2001 akaonyesha ukiwabana watu wasijirudierudie vitu kimoyomoyo ni kama vinne tu. Vinne! Ndo maana namba ya simu tunaitaja tatu tatu. Mtoto kwenye karatasi anatakiwa akumbuke ameazima wapi, ameshika ngapi, yuko safu gani, na swali lilikuwa linasemaje, meza imeshajaa. Sokoni mzigo huo haupo kwa sababu makopo yako pale mbele yake, noti iko mkononi, mteja mwenyewe anasubiri, yaani vitu vyenyewe vinamshikia hesabu.

Na cha tatu ni hofu. Mtoto akiogopa ile hofu nayo inapanda mezani inakaa. Nikikosea nitachapwa, nikikosea watanicheka, hayo mawazo yanachukua nafasi ile ile ambayo angeitumia kuazima kumi. Sisemi mwalimu wake ni mbaya, darasa lina watoto wengi mno na namwonea huruma mtu anayefundisha watoto wote wale peke yake, ila hilo neno "kichwa kizito" namuomba mama mtoto asilisikie tena nyumbani kwako, maana akishaliamini linapanda mezani nalo kila siku ya mtihani.

Utafanyaje. Usimpe hesabu mia moja za kutoa, atafanya kosa lile lile mara mia na litamkaa. Jumamosi jioni mkishafunga, kaa naye na daftari, mwambie aandike mauzo matatu tu ya leo jinsi alivyoyahesabu kichwani, kwa njia yake mwenyewe, mistari yake, hata kama haifanani na ya shule. Makopo 5 = 6,000. Makopo 2 = 2,400. Hivyo hivyo. Watoto wengi hawajawahi kuona hesabu yao ya kichwani ikiwa imeandikwa, hawajui kwamba ile nayo ni hisabati. Alafu hesabu ile ile muiandike kwa safu kama shule, na kila mnapoazima aseme anaazima nini, kwamba siazimi moja, navunja elfu nakuwa na mia kumi. Mpe noti na sarafu za kweli avunje. Elfu moja ibadilishwe kuwa sarafu za mia tano mbili, au za mia kumi, aone kwa macho kwamba "kuazima" ni kutafuta chenji kwa jirani, kazi anayoifanya kila wiki. Na kabla hajaandika jibu lolote aulizwe hili moja, jibu litakuwa kama ngapi hivi, na linaweza kuzidi hela uliyopewa? Ukimzoesha hilo swali moja tu, jibu kama 18,400 atalikamata mwenyewe.

Wiki tatu nne za namna hiyo, nusu saa, basi. Alafu mnaanza kuondoa dagaa polepole, hesabu inakuwa ya mifuko ya saruji, baadae ya kilometa, baadae namba tupu. Watu wengi wanakosea hapa, wanafikiri mtoto akijua kitu sehemu moja atajua kila sehemu. Hapana, kwa binadamu yeyote ujuzi unashikamana na pale ulipozaliwa, kuuhamisha ni kazi nyingine kabisa na lazima mtu amshike mkono. Miaka ya 1960 John Gay na Michael Cole walienda Liberia kwa Wakpelle, wakulima wa mpunga, wakawaambia watu wakadirie kwa macho bakuli la mchele lina vikombe vingapi. Wakulima walikaribia sana, Wamarekani waliosoma wakakosea mbali. Ukimpa Mkpelle yule yule mtihani wa shule atafeli, na yule Mmarekani ukimweka Mwaloni akadirie gunia kwa macho utamuuzia hasara. Sasa mwenye kichwa kizito hapo nani?

Kitu kimoja nisisahau, kapime macho yake. Kama anakaa nyuma na haoni ubao vizuri atanakili namba vibaya na utamlaumu kwa hesabu ambayo hakuiona.

Haya, tuje kwako.

Kwanza hili la kuzeeka. Ni kweli kasi inapungua, sikufichi. Joshua Hartshorne na Laura Germine mwaka 2015 walitoa matokeo ya watu wengi sana wa umri tofauti, kasi ya akili inafika kilele kwenye miaka 18, 19 hivi, alafu inaanza kushuka taratibu. Lakini kila uwezo una kilele chake, msamiati kwa mfano unaendelea kupanda mpaka watu wako kwenye sitini na kitu. Na madereva teksi wa London, ambao wanatakiwa wakariri maelfu ya mitaa kabla ya kupewa leseni, walipigwa picha za ubongo kabla ya kuanza kujifunza na baada ya miaka kama mitatu minne, watu wazima hao, na wale waliofaulu, sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ndani ya ubongo linalohusika na kumbukumbu za mahali, ilikuwa imeongezeka. Hiyo ni 2011, Katherine Woollett na Eleanor Maguire. Ubongo wa mtu mzima unajengeka mama, unachohitaji ni mazoezi ya muda mrefu.

Shida yako mimi naiona kwenye neno moja uliloandika, "nairudia kuisoma mara nne". Hapo ndo unapopotea. Kusoma tena na tena kunafanya maandishi yawe mazoea, na mazoea yanadanganya yanajifanya kuelewa. Ni kama kumwangalia mtu anashona nyavu, ukiangalia siku tatu unaona kabisa unajua, alafu upewe sindano na uzi uone vidole vinavyokwama. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi habari ya kusoma, kundi moja likaisoma tena, kundi lingine likafunga karatasi likaandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndo walikuwa juu kidogo, 81 kwa 75. Baada ya wiki mambo yakageuka, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, waliojilazimisha kukumbuka 56. Na mtihani wako hauji baada ya dakika tano.

Kwahiyo soma ukurasa mmoja, funga daftari, sema kwa sauti ulichoelewa kwa Kiswahili chako cha kila siku, hata ukimsimulia yule binti mnayeuza naye. Utakwama, itauma kidogo, utaona kama hujui kitu. Hapo ndo unajifunza. Fungua uangalie ulipokwama tu, funga tena.

Na usiku wa saa sita uache. Unaamka saa kumi alfajiri, utalala lini? Usingizi ndo unapanga vitu kwenye stoo, tangu 1924 Jenkins na Dallenbach walionyesha mtu akijifunza akalala anakumbuka zaidi kuliko akibaki macho muda ule ule. Soma dakika 25 saa nane mchana biashara ikilala, na nyingine 20 kabla ya kulala, inatosha.

Alafu kuna hili la mbalamwezi ambalo najua utalifanya kwa sababu wengi wa hapo wanalifanya. Kipindi cha mwezi mkubwa boti za dagaa hazitoki, mzigo unapungua, unapata nafasi, unajifungia na madaftari siku sita mfululizo, giza likirudi unayaacha mpaka mwezi ujao. Usifanye hivyo. Tangu Hermann Ebbinghaus mwaka 1885 inajulikana kwamba tunasahau haraka sana siku za mwanzo, na kwamba saa zile zile ukizigawa kwenye siku nyingi zinakaa kuliko ukizirundika. Kwenye mwezi ingiza mada mpya, sawa, ila kipindi cha giza usiache kabisa, dakika kumi kila siku ya kukumbuka vya kipindi kilichopita, ukiwa umesimama kwenye chanja zako unageuza dagaa. Kila mada ikumbuke kesho yake, baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya mwezi.

Na tumia stoo yako, maana hiyo mwanao wa miaka 11 hana. Ukifika kwenye baiolojia mada ya mnyororo wa chakula, wewe tayari unaijua, sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950, akaja akawala furu mpaka aina nyingi zikapotea, na dagaa wanakula nini, na nani anawala dagaa. Chora hiyo kwanza kwa majina yako, alafu ndo ubandike yale majina ya kitabu juu yake. Kitu kipya kikikuta cha zamani cha kushikilia hakidondoki.

Hata hili la kufundisha mtu mzima kwa kuanzia kwenye kazi yake lina mizizi hapa hapa kwetu. Mwaka 1968 serikali na UNESCO walianzisha mradi wa kisomo chenye manufaa mikoa ya Ziwa, makao yake yakiwa Mwanza, na vitabu vya kujifunzia kusoma vilikuwa vinazungumzia pamba, uvuvi, mifugo, migomba. Mvuvi alijifunza kusoma kwa maneno ya nyavu na samaki. Mwaka 1967 kama watu wazima 67 kwa kila 100 nchini walikuwa hawajui kusoma, 1975 wakawa wamebaki kama 39. Hao walikuwa watu wa umri wako na zaidi, wanatoka shamba jioni wamechoka kama wewe. Inawezekana bibi yako alikuwemo, muulize kama yupo.

Jumamosi hii anza na yale mauzo matatu kwenye daftari, na wewe ukae pembeni yake na lako, umsimulie mada yako moja daftari likiwa limefungwa, yeye akushikie kitabu akusahihishe. Mtoto akimwona mama yake anakwama, anafungua, anajaribu tena, atakuwa na sheria nyingine kichwani kuhusu kukosea. Na ile karatasi ya mtihani usiitupe, nitumie picha ya maswali aliyokosa, njia yote aliyoandika ionekane mpaka alipofuta.